Chupa Iliyofura

Kifuniko cha chupa kilikuwa kimefura katikati kama shavu la mwenye jino bovu. Mke wa Fundi Baridi alikibonyeza kwa kidole gumba, kikashuka kwa mlio mdogo, kisha kikarudi juu vilevile. Akakibonyeza tena, kikarudi tena. Akasonya.

"Hii haiuziki."

Mumewe alikuwa amekaa kizingitini akijifuta masizi mikononi. Alikuwa fundi wa mafriji. Jina la Baridi alibandikwa na wateja, likamganda hata mkewe akawa hamwiti kwa jingine. "Imefanya nini?" aliuliza.

"Imefura. Mwenye duka akiiona hii atanirudishia zote, na maneno juu."

"Basi ilete mezani. Kwani sisi si watu?"

Ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba ile. Kilichonyooka kilikwenda dukani, kilichopinda kilibaki nyumbani. Chupa iliyojazwa vibaya, chupa ambayo lebo yake ilikwenda upande, chupa iliyoingia mbegu nyingi za pilipili, zote ziliishia mezani pao, na Baridi alipenda kusema mtaa mzima hakuna mume anayeshiba vizuri kama yeye anayekula makosa ya mkewe.

Makosa yenyewe yalikuwa salsa ya mahindi. Mke wa Baridi alinunua mahindi mabichi yale matamu, akayapukuchua kwa kisu punje zikaruka hadi chini ya meza, akayachemsha, akayachanganya na nyanya, vitunguu, pilipili hoho nyekundu na pilipili kali zilizokatwakatwa hadi macho yakamtoka machozi. Kisha chumvi, sukari na siki. Akajaza chupa salsa ingali moto, akaifunga, akaipindua kichwa chini ikapoa hivyo. Mwenyewe hakuila. Tumbo lake lilikuwa na vidonda, tone la pilipili lilimlaza. Binti yao naye alikuwa wa kupenda vitamu tu. Mwonjaji, mlaji na mpiga debe alikuwa Baridi peke yake.

Alikizungusha kifuniko, chupa ikatoa pumzi. Tssss.

"Msikieni huyu!" Baridi alicheka. "Lingekuwa friji la mteja ningesema linavujisha gesi."

"Baba, sasa utaliziba wapi hilo tundu?" binti aliuliza.

"Nitaliziba kwa tumbo." Akainusa. "Ina kaharufu. Kama jibini. Kama soksi za baba yako mkubwa."

"Kama ina harufu iache," mkewe alisema.

"Niiache? Umeamka na mahindi haya, umelia na vitunguu hivi, halafu nimwage? Hiyo ni pilipili inapumua tu." Akaweka kijiko cha kwanza juu ya wali, akafumba macho, akatikisa kichwa kama anayesikia muziki. "Tamu! Tangu upunguze siki imekuwa tamu mara mbili."

Akala mpaka akakwangua chupa. Kama ingerudishwa jikoni ikatokota sawasawa, labda hadithi hii isingekuwa na la kusimulia. Lakini nani anapika tena kitu kilichokwisha kupikwa, kikafungwa, kikabandikwa lebo?

*

Siki ilikuwa imepunguzwa kwa neno la mwenye duka. Alikuwa mtu wa miwani ya kuning'inia kifuani, anayeuza akiwa nyuma ya wavu, na siku moja alimrudishia mke wa Baridi kreti zima mbele za wateja.

"Mama, wewe unauza salsa au dawa ya kufulia? Watu wanakunja nyuso. Watoto wanatema. Punguza siki, ongeza sukari, au tafuta duka jingine."

Wateja walicheka. Yeye alibeba kreti lake kichwani akarudi nalo nyumbani, akapita katikati ya barabara kwa sababu ukingoni walikaa majirani. Maneno yale yalimwingia. Mara iliyofuata alitia siki nusu. Mwenye duka akasema afadhali. Mara iliyofuata akatia vijiko tu, vya kunusisha, na sukari akaimwaga bila huruma. Chupa zikatoka kama maji. Tena siki ilikuwa ndiyo ghali kuliko vyote, kwa hiyo akajiona amepiga ndege wawili kwa jiwe moja. Hakuna aliyemwambia kwamba siki haikuwa ya ladha tu, kwamba ndiyo iliyokuwa mlinzi wa chupa. Kwenye darasa la mwisho alilosoma hawakufika huko.

Na ziliwekwa wapi? Ndani ya friji. Kila aliyekuja kununua nyumbani aliona friji kubwa jeupe ukumbini, mlango ukafunguliwa, chupa ikatoka, akaridhika. Lakini nyumba ya fundi wa mafriji haina friji. Ina maiti za mafriji. Lile lilikuwa la mteja aliyehama bila kulifuata, halina mota, halina gesi, limesimama pale dirisha linapoingiza jua la mchana. Mle ndani mlikuwa na giza na joto kama kwapani. Kwao lilikuwa kabati. Wamelizoea hivyo kiasi kwamba mke wa Baridi alipoambiwa na mteja, "Unaiweka kwa baridi, eti?" alijibu, "Ndiyo, mama, ipo frijini," na wala hakuwa anadanganya.

*

Kesho yake alasiri muuza nyama aliingia uani akimburura Baridi kwa mkono. Alikuwa mwanamke mpana, aproni yake bado ina damu ya bucha, na sauti yake ilizoea kushindana na msumeno wa mifupa.

"Mke wa fundi! Njoo upokee mzigo wako!"

Mke wa Baridi alitoka na kisu cha mahindi mkononi.

"Nimemwita mtu anitengenezee friji, ameniletea sarakasi," muuza nyama alisema. "Anachomea bomba hewani, dada. Bomba liko hapa, yeye anachomea kule. Namwuliza, ananiambia anaona mabomba mawili. Ulimi mzito kama kandambili. Nyama yangu inaoza, yeye anaona mawili!"

"Si... sijanywa," Baridi alisema. Maneno yalitoka yamefunikwa, kama yanapitia kwenye blanketi. Kope zake zilikuwa zimeshuka nusu.

"Hajanywa!" muuza nyama aliwageukia majirani waliokwisha kujaa mlangoni. "Basi mimi ndiye niliyekunywa."

Watu waliangua kicheko. Mke wa Baridi aliona uso unawaka. Baridi aliwahi kuwa mnywaji, mtaa mzima ulijua, na mtaa mzima ulijua pia kwamba aliacha. Alimsogelea akamnusa. Mdomoni alitoa harufu ya kitunguu, ya uchachu, ya kitu kilicholala. Kwa pua ya mwanamke aliyekwisha kunusa mdomo huo miaka ile ya mateso, harufu hiyo ilikuwa na jina moja tu.

"Pita ndani," alisema kwa sauti ya chini.

"Mke wangu, nisikilize. Koo... limekauka. Nipe maji."

"Kayanywe huko ulikoanzia."

Baridi alijaribu maji mwenyewe. Yakamrudia puani, akapaliwa, akaegemea friji lile jeupe akihema. Binti alikuwa anafanya kazi zake za shule mezani, akainuka.

"Mama, baba anaumwa."

"Baba yako anaumwa ugonjwa ninaoujua. Kaa chini."

"Lakini mama, mlevi anapiga kelele. Baba hapigi kelele."

"Nimesema kaa chini!"

Akamlaza mumewe chumbani, akavuta mlango, akageuza ufunguo. Si kwa ubaya. Alifunga ili watu wasimwone. Akarudi kwenye mahindi yake, na kila alipopita mbele ya mlango ule alisema neno jingine: kwamba amemtia aibu, kwamba muuza nyama alikuwa mteja wa mwisho aliyelipa bila kusumbua, kwamba safari hii hatamvumilia. Ndani hakukujibiwa kitu. Alichukulia ni kiburi.

*

Asubuhi alipofungua alimkuta Baridi amelala chali, macho yamefumba. Alimwita. Akaona kidole cha mkono wa kulia kinainuka na kushuka.

"Amka basi, tuyamalize."

Kidole kikainuka tena. Baridi alisogeza mkono taratibu, kama anayenyanyua gunia, akaupeleka usoni, akaishika kope yake kwa vidole viwili na kuivuta juu. Jicho likawa pale, jeupe, safi, linamtazama mkewe na akili zake zote. Alipoachia, kope ikaanguka kama pazia.

Mke wa Baridi alitoka mbio kuita majirani.

Walimpeleka zahanati kwa mkokoteni wa jirani. Pale kwenye benchi kulikuwa na watu, na habari za muuza nyama zilikuwa zimewatangulia. Nesi wa zamu alimtazama Baridi jinsi kichwa kilivyokuwa kinaangukia kifuani, akamtazama mkewe.

"Amekunywa nini?"

"Hajanywa, nesi. Nilidhani amekunywa, lakini hajanywa."

"Ulidhani?" Nesi alikunja midomo. "Wewe unayelala naye ulidhani, mimi nifanyeje? Joto hana. Malaria hana. Mpe maji mengi, alale, pombe itamtoka."

"Maji hayashuki."

"Mpe kidogokidogo. Anayefuata!"

Mwanamke mmoja kwenye benchi alijisogeza asiguswe na mkono wa Baridi. Mwingine akasema, si kwa sauti ndogo, "Hizo za kienyeji zinapofusha." Jana maneno kama hayo aliyasema mke wa Baridi mwenyewe.

Aliyewaokoa hapo ni shemeji yake, kaka mkubwa wa Baridi, fundi wa kupaka rangi, aliyekuja mbio nguo zake zimetapakaa madoa ya kijani. Alimshika mdogo wake kidevuni.

"Baridi. Unanisikia? Nibane mkono."

Baridi alimbana, kwa shida.

"Huyu hajalewa," shemeji alisema. "Nimemwona kalewa mara nyingi kuliko ninyi nyote. Mlevi akili zinaondoka mwili unabaki. Huyu mwili ndio unaondoka." Akageuka. "Shemeji, tafuta gari. Hospitali kubwa."

*

Daktari alikuwa kijana, ana uchovu chini ya macho, lakini aliuliza maswali kwa utulivu bila kumnusa mtu mdomo. Alimulika tochi machoni mwa Baridi, akamwambia atoe ulimi, ulimi ukakataa kutoka. Akamwambia anyanyue mikono, ikafika kifuani ikaanguka.

"Ilianzia kichwani ikashuka," alisema, kama anajisemea. "Macho, kisha koo, sasa mikono. Mama, siku hizi mbili tatu amekula nini?"

"Wali."

"Na nini?"

"Maharage."

"Kitu cha kopo? Nyama ya kuhifadhi? Chochote cha kwenye chupa, cha kufungwa nyumbani?"

Shemeji alimtazama mke wa Baridi. Naye alitazama kucha zake, ambamo unjano wa mahindi ulikuwa bado haujatoka. Lile swali lilimpitia kama maji ya barafu. Akaona chupa. Akaona kifuniko. Akaona pia lebo yenye picha ya hindi aliyoichora binti yake, na mwenye duka nyuma ya wavu, na watu wa afya wakiingia nyumbani kwake na kufungua lile friji mbele ya majirani. Baridi akiwa kitandani, mkate wa nyumba ile wote ulikuwa ndani ya chupa zile. Kama ni chupa, basi ni yeye. Yeye ndiye aliyemlisha.

"Hapana," alisema. "Chakula cha kawaida tu, daktari. Mimi na mtoto tumekula, tuko wazima."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Daktari aliandika, akaenda kuuliza wenzake. Wakasema labda kiharusi, labda mishipa, wampige picha ya kichwa, na mashine ya picha ilikuwa na foleni. Baridi aliwekwa kwenye kitanda cha korido. Mkewe alikaa kando yake akimfuta mate yaliyokuwa yanamtiririka kwa sababu hakuweza kuyameza. Kila mara Baridi alipeleka mkono usoni kuivuta kope, lakini mkono ulikuwa unafika kidevuni tu. Akamsaidia. Akamfungua jicho kwa vidole vyake. Jicho lilimtazama, likazunguka, likamrudia. Midomo ikachezacheza.

"Sikusikii, mume wangu."

Ikachezacheza tena. Hakuna sauti, pumzi fupifupi tu. Lakini mwanamke aliyelala na mtu miaka mingi husoma mdomo wake. Alikuwa anasema, *chupa*.

Alijua. Tangu alipofungiwa chumbani alikuwa analala pale na akili zake timamu anahesabu alichokula, na hakuwa na ulimi wa kusema. Na pale, mbele ya daktari, aliyasikia yote mawili: swali na jibu la mkewe.

Mke wa Baridi alipiga kelele ya kumwita daktari hadi watu wa korido wakasimama. Alikuwa bado anapiga kelele daktari alipofika, akamtajia chupa, lakini kifua cha Baridi kilikuwa kimeacha kupanda.

*

Mashine ya kupumulia ilikuwa moja wodini, na ilikuwa kwa mtoto mdogo aliyegongwa na gari. Hakuna aliyethubutu kuuliza. Walimwingiza Baridi mrija kooni, wakaunganisha na mfuko wa mpira, na nesi akamwonyesha mkewe: bana, achia, subiri, bana, achia, subiri. Usiwahi sana, usichelewe.

"Ni sumu ya chakula kilichofungwa bila hewa," daktari alimweleza. Hakumfokea, na hilo lilimwuma kuliko kufokewa. "Inalegeza misuli yote. Akili haiguswi. Anakusikia hivi sasa."

"Dawa ipo?"

"Ipo, lakini si hapa. Inabidi itoke hospitali ya mbali, na wao sina hakika kama wanayo. Na inafaa zaidi ikiwahi." "Ingefaa zaidi asubuhi."

"Na akiipata, atainuka lini?"

"Misuli itarudi. Polepole. Wiki, hata miezi."

Aliutazama mfuko wa mpira mikononi mwake. "Miezi tutakuwa tunabana hivi?"

Daktari aliukagua mrija. Aliuliza jingine. "Chupa nyingine ziko wapi?"

Shemeji aliondoka palepale na barua ya daktari kuifuata dawa. Mlangoni aligeuka kidogo, akamtazama mke wa Baridi, akaenda.

Ndugu walikuja, wakazunguka kitanda, wakapokezana mfuko. Walikuja wengi mwanzoni. Lakini kubana pumzi ya mtu si kama kumpa pole. Vidole vinakufa ganzi, mgongo unawaka, na huwezi hata kujikuna. Huyu akakumbuka watoto wake, yule akakumbuka zamu yake kazini. "Tutarudi," walisema, na pengine walikuwa wanasema kweli. Alasiri ilipofika walibaki mke wa Baridi, na binti yake aliyetoka shuleni na sare yake.

"Watu wa afya watakwenda dukani?" mke wa Baridi alimwuliza nesi.

"Daktari amewapigia. Wanasema gari halina mafuta, watakwenda kesho."

Kesho. Mke wa Baridi aliziona chupa zimejipanga pale rafuni, zinapendeza, njano na nyekundu. Leo ndiyo siku watu wanapopokea mshahara. Leo ndiyo siku zinapotoka.

"Mwanangu," alisema. "Shika hapa. Unaona ninavyofanya? Bana, achia, subiri."

Binti alishika. Mikono yake ilikuwa midogo, akaupakata mfuko kwa viganja vyote viwili. "Namuumiza?"

"Humuumizi. Unampa pumzi. Mama anakwenda dukani mara moja. Usiache mpaka nirudi. Umenisikia? Hata mtu akikuambia nini, usiache mpaka nirudi."

"Siachi."

Akainama sikioni mwa mumewe. Alitaka kumwomba msamaha, lakini maneno yaliyotoka ni mengine. "Nakwenda kuzirudisha, Baridi. Zote." Kidole cha mkono wa kulia hakikuinuka.

*

Duka lilikuwa limejaa. Alijipenyeza hadi kwenye wavu.

"Nipe chupa zangu."

Mwenye duka alivaa miwani yake. "Foleni, mama."

"Nipe salsa yangu yote. Ina sumu. Mume wangu ameila yuko hospitali hapumui."

Foleni nzima ikageuka. Kisha mtu nyuma akacheka kwa pua. "Huyu si mke wa yule fundi mlevi?"

"Nimesikia habari za mumeo," mwenye duka alisema kwa sauti ya kutuliza mwendawazimu. "Pole sana. Lakini usije kunichafulia duka mbele za watu kwa sababu mzee amezidisha. Salsa nimekula mwenyewe, mbona nimesimama?"

"Si kila chupa. Tazama vifuniko. Kilichofura ndicho."

"Zilizofura nimekwisha kuzitoa."

Alishika wavu kwa vidole vyote. "Umezitoa ukazipeleka wapi?"

Mwenye duka alisafisha koo. Alitazama wateja wake, akatazama mezani. "Nimeziuza nusu bei. Kwani kuna ubaya gani? Kifuniko kimevimba tu. Watu wenye shida wanashukuru."

"Umemwuzia nani?"

"Mama, hapa wanapita watu kutwa nzima. Nitawajuaje? Mmoja alikuwa na mtoto mgongoni. Mmoja hata simjui, alikuwa anapita njia."

Alimpa zilizobaki, na akamwambia hasara ni yake. Mke wa Baridi alizibeba ndani ya khanga hadi kwenye mtaro wa nyuma ya duka, akawa anazipasua kwenye saruji moja moja. Mchanganyiko ulimwagika, mtamu, mkali, nzi wakatua kabla hajanyanyuka. Mwanamke mmoja aliyekuwa anapita alisimama akamsikitikia chakula. "Si ungewapa watu tu, dada? Kumwaga neema ya Mungu!" Alimweleza. Yule mwanamke aliitikia, "Eeh, eeh," huku anarudi nyuma. Kisha mke wa Baridi akazunguka mtaa akiuliza kila mlango: mmenunua salsa? Ya mahindi, chupa ya hivi? Wengine walisema hapana. Wengine walifunga mlango kabla hajamaliza. Muuza nyama peke yake ndiye aliyemsikiliza mpaka mwisho, akaikunja aproni yake, akasema, "Na mimi nilimburura yule mtu kama ng'ombe," akaanza kuuliza upande mwingine wa barabara kwa ile sauti yake. Mwenye mtoto mgongoni hawakumpata. Aliyekuwa anapita njia alikuwa amekwisha kupita.

*

Aliporudi wodini, kabla hajafika kitandani, aliona migongo. Daktari alikuwa amesimama na mikono imelegea kando. Nesi alikuwa amepiga magoti karibu na binti, amemwekea mkono begani, anasema naye polepole.

"Umefanya vizuri sana, mwanangu. Umefanya kama mtu mzima. Sasa uachie."

Binti hakugeuka. Bana, achia, subiri. Kola ya sare yake ilikuwa imelowa, midomo imekauka, na viganja vyake vilikuwa vyekundu. Kifua cha baba yake kilipanda, kikashuka, kikapanda, kwa sababu yeye alikuwa anakipandisha.

"Mwanangu, moyo umesimama," nesi alisema. "Umesimama kitambo. Si wewe. Hukukosea."

"Mama hajarudi," binti alijibu. "Amesema hata mtu akiniambia nini nisiache mpaka arudi."

Nesi aliinua kichwa akamwona mama amesimama pale na khanga yake imeloa pilipili na kunasa vipande vya chupa. Alisimama akampisha. Daktari naye akapisha. Wagonjwa wa vitanda vya jirani waligeukia ukutani.

Mke wa Baridi alimtazama mumewe. Mtu akisimama mbali angesema amelala usingizi mzuri, jinsi pumzi ilivyokuwa inakwenda.

"Mama, umezipata?" binti aliuliza, bado anabana.

"Nimezipata."

"Zote?"

Alipiga magoti nyuma ya mtoto wake, akaifunika mikono yake midogo kwa mikono yake mwenyewe iliyonuka kitunguu, na kwa mara mbili tatu wakabana pamoja. Kisha akasema lile neno ambalo nesi na daktari hawakuweza kumfanya alisikie.

"Acha."

"Niache kweli?"

"Acha, mama. Mama amerudi."

Binti alimgeukia usoni ahakikishe. Akabana mara moja zaidi, ya mwisho, kubwa, mpaka mfuko ukakunjamana wote viganjani. Akaachia. Kifua kilishuka taratibu, wote wawili wakikitazama, kikafika chini, kikakaa hukohuko.